Waya Huchaguliwa kwa Mzigo Wake

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mjadala wa muhula uliopita, upande wa upinzani ulisema ya kwamba magari ya umeme ni mambo ya Ulaya na ya matajiri wa Dar es Salaam, na kwamba mwanafunzi wa Handeni au wa Korogwe hana haja ya kuyasumbukia. Msemaji wao alipigiwa makofi mengi, nami pia nilipiga. Leo naomba nafasi katika gazeti letu niseme kwamba makofi yangu yalikuwa ya ujinga, na nieleze jinsi nilivyozinduka wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Nitataja pia kosa nililolifanya mwenyewe, maana sioni jinsi ninavyoweza kuwaonya wenzangu huku nikilificha.

Mimi ni mtu wa Handeni, lakini likizo hukaa kwa shangazi yangu Korogwe. Yeye ana nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita huko Manundu. Kazi zangu ni kufagia ua, kuchota maji na kupiga pasi mashuka. Soketi ya ukumbini ilikuwa mbali na meza ya kupigia pasi, basi shangazi akamwita fundi wa umeme amshauri. Fundi akapima kwa hatua, akaandika katika karatasi: waya wa nyuzi tatu, milimita za mraba 2.5, meta 20. Shangazi akanipa fedha pamoja na ile karatasi, nikaenda madukani.

Dukani niliona nyaya mbili. Ule wa fundi ulikuwa mnene, mweusi, mgumu kukunjika, tena bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ule wa pili. Wa pili ulikuwa mweupe na mwembamba, umekwisha fungwa plagi na soketi, nao umeviringishwa vizuri katika gurudumu la plastiki. Ubavuni uliandikwa 3 x 0.75. Nikajiambia, umeme ni umeme, na waya ni waya. Tena mimi nilikuwa nimepata alama nzuri katika Fizikia, nikaona fundi anataka kumtia shangazi gharama za bure. Nikanunua ule mwembamba, nikarudisha chenji yote. Shangazi akanisifu mbele ya wageni kwamba mtoto wa kaka yake ana akili ya biashara. Waya ukafanya kazi ya pasi wiki mbili bila tatizo lolote, nami nikazidi kujiona.

Jioni moja gari dogo likaingia uani bila mlio. Lilikuwa Nissan Leaf lililotoka Japani, gari la umeme mtupu. Mwenyewe alikuwa ameondoka Tanga mjini asubuhi, akapita Segera na Mkata hadi Handeni kumchukua mama yake mzee, kisha akashika barabara ya Handeni hadi Korogwe. Walikuwa wakienda Lushoto kwenye maziko ya ndugu yao, yaliyopangwa kesho yake mchana. Alikuwa amekwenda zaidi ya kilometa 200, betri ilikuwa karibu kwisha, na mbele yake ulikuwepo ule mlima wa kutoka Mombo kupanda Lushoto. Akamwomba shangazi ampe umeme wa usiku mmoja kwa malipo, naye akakubali.

Waya wa gari lake ulikuwa wa meta tano tu, haukufika ukumbini. Akaniuliza, "Kijana, mna ekstensheni nene?" Nikamjibu, "Ipo, mzee." Ekstensheni kweli ilikuwepo, lakini hakuuliza kama ipo tu, aliuliza kama ni nene. Giza lilikuwa limeingia, naye alikuwa amechoka, akaniamini. Nikafungua meta chache zilizohitajiwa, nyingine nikaziacha katika gurudumu lake, nikaliweka chini ya dirisha la chumba alicholala yule Bibi.

Yapata saa sita usiku niliamshwa na harufu ya mpira unaoungua. Nilipotoka nilikuta moshi, na pazia la dirisha la Bibi limekwisha shika moto. Shangazi alikimbilia swichi kuu akazima umeme, mimi na mgeni tukamtoa Bibi huku amefunikwa kanga, naye akiuliza kuna nini. Tulizima moto kwa maji ya ndoo baada ya umeme kukatwa. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini gurudumu lote lilikuwa donge moja la plastiki, fremu ya dirisha imeungua, na soketi ya ukumbini imekuwa nyeusi kama chungu.

Shangazi kwa hofu yake alimfokea mgeni kwamba gari lake limetaka kutuulia watu. Mgeni akaomba radhi, akalipa fedha za pazia, za fremu na za soketi. Nyumba haikuwa na umeme tena usiku ule, kwa hiyo alfajiri akakodi gari la mtu kwa fedha nyingi, akampeleka mama yake Lushoto na kuliacha gari lake uani kwetu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale wakati wote, sikusema neno.

Kesho yake fundi alikuja. Aliokota kipande cha waya ambacho hakikuungua, akakigeuza, akasoma yale maandishi ya ubavuni. Kisha akanitazama akaniuliza, "Karatasi yangu ilikuwa na kosa?" Nikasema hapana. Hakuniuliza la pili. Siku ya tatu mgeni aliporudi kuchukua gari lake, sikuweza kuvumilia tena, nikamwambia yeye na shangazi ukweli wote. Shangazi alimrudishia fedha zake siku ile ile, nami hadi leo ninazilipa kidogo kidogo katika fedha zangu za matumizi. Mgeni hakunifokea. Alisema tu kwamba njia nzima ya kwenda maziko alikuwa akilishuku gari lake, na kumbe angeniambia mtu usiku ule asingekuwa na wasiwasi huo. Maneno hayo yalinichoma kuliko viboko.

Niliporudi shuleni nilifanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya dukani. Gari lile lilikuwa likivuta mkondo wa ampea 10. Waya wa shaba wa meta 20, ukihesabu kwenda na kurudi, ni meta 40. Kwa unene wa milimita za mraba 0.75, ukinzani wake ni karibu omu 0.9. Zidisha kwa mraba wa mkondo, utapata joto la wati 90. Hiyo ni kama balbu kubwa ya zamani iliyowashwa saa nne mfululizo ndani ya gurudumu la plastiki, bila hewa. Kama ningenunua waya wa 2.5, joto lingekuwa wati 27 tu, tena ungefunguliwa wote na kutandazwa, lingepotea hewani bila madhara.

Yafaa pia nieleze kwa nini pasi haikuuunguza. Pasi yetu ni ya wati 1,000, inavuta ampea zisizofika tano, nayo hujizima na kuwaka kila mara. Gari lilivuta zaidi ya mara mbili ya hizo, na lilivuta bila kupumzika. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la waya huongezeka mara nne. Jambo hili sote tumelinakili katika madaftari yetu, na wengi tumelijibu vizuri katika mitihani. Mimi nililijua kwa mtihani, sikulijua kwa nyumba ya shangazi.

Wenzangu wengine wameniuliza, je, fyuzi ya plagi ilikuwa wapi? Fyuzi ile ilikuwa ya ampea 13. Kazi yake ni kukatika mkondo ukizidi huo sana. Gari lilivuta 10, basi fyuzi ikaona mambo ni shwari. Fyuzi haijui unene wa waya ulio nyuma yake. Anayejua ni mtu aliyeuchagua. Asitegemee mtu kwamba fyuzi itamsahihishia uchaguzi wake mbaya.

Yule mgeni kabla ya kuondoka alifungua buti la gari akanionyesha nyaya zake na jinsi ya kuzichagua. Naandika hapa yale niliyoyaelewa, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, kwani naamini yatawafaa wazazi wetu.

Jambo la kwanza ni mdomo wa waya, yaani ile ncha inayoingia garini. Midomo si ya namna moja. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani yana tundu la pini tano, liitwalo Aina ya 1. Magari ya Ulaya yana tundu la pini saba, liitwalo Aina ya 2. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya China hutumia namna yao iitwayo GB/T, ambayo kwa macho inafanana na ile ya Ulaya lakini haiingiliani nayo. Nchi yetu hupokea magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, na sasa ya China yanazidi kuja. Kwa hiyo mtu asinunue waya kwa kuutazama picha. Atazame kwanza tundu la gari lake.

Jambo la pili ni mkondo. Nyaya za gari huandikwa ampea 10, 16 au 32. Kwa umeme wetu wa volti 230, ampea 10 ni wati 2,300, na ampea 32 ni wati 7,360. Betri ya kilowati-saa 40 ikiwa tupu, waya wa kwanza utaijaza kwa muda wa saa 17 au zaidi, na wa pili kwa muda wa saa sita hivi. Lakini watu wasidanganywe hapa. Waya mkubwa hauwezi kulilazimisha gari kupokea umeme kuliko uwezo wa chaja iliyo ndani yake. Kadhalika waya wa fezi tatu, ambao ni ghali zaidi, hauleti faida katika nyumba yenye fezi moja kama zilivyo nyumba zetu nyingi. Basi jua uwezo wa gari, jua uwezo wa nyumba, kisha nunua waya unaotosha vyote viwili. Kununua pungufu ni hatari, na kununua kupita kiasi ni kutupa fedha.

Jambo la tatu ni urefu. Waya wa meta tano huwatosha watu wengi. Ukiwa mrefu kupita haja huwa mzito, hupoteza umeme, na hatimaye huachwa umeviringishwa, kama nilivyofanya mimi. Waya ukiwa mfupi, dawa yake ni kulisogeza gari au kumwita fundi aweke soketi karibu, si kuunga ekstensheni.

Jambo la nne ni waya wa ardhi. Katikati ya waya wa gari kuna kisanduku kidogo kinachopima kama soketi ina ardhi. Kisipoiona, aghalabu hukataa kupitisha umeme na huwasha taa nyekundu. Nimesikia watu wakisema kisanduku kama hicho ni kibovu na kinafaa kurukwa. Hasha! Kisanduku hicho ndicho chenye akili kuliko sote, kwani gari hushikwa na mikono ya watu, pengine mvua inanyesha na miguu imelowa. Kadhalika plagi ya Japani isikatwe na kuungwa yetu na mtu asiyejua. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aweke njia ya pekee kutoka swichi kuu, maana soketi ya kawaida haikuwekwa ili ibebe mzigo mzito usiku kucha kila siku.

Sasa narudi katika mjadala wetu. Mtu atauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi tunaopanda basi? Yanatuhusu sana. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi yanayotumia mafuta. Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Rwanda pikipiki za umeme hubadilishiwa betri vituoni, na Dar es Salaam bajaji na pikipiki za umeme zinaonekana barabarani. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita Korogwe, na mabasi husimama hapa abiria wale chakula. Yale yanayopita barabarani leo, kesho yatasimama uani kwetu na kuomba umeme, kama lilivyosimama lile moja.

Tena sisi wa mkoa huu hatupaswi kuuona umeme kama kitu cha watu wengine. Hale, ndani ya wilaya ya Korogwe, pana mitambo inayozungushwa na maji ya mto Pangani tangu mwaka 1964, yenye uwezo wa megawati 21. Mbele kidogo ipo mitambo ya Maporomoko ya Pangani, megawati 68, iliyoanza kazi katika miaka ya 1990. Na huko Rufiji bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, ambayo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Mafuta ya petroli twayanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni, na umeme huu unatoka katika mito yetu. Kwa hiyo mimi sasa naunga mkono magari ya umeme. Lakini nasema ya kwamba yatatuletea heri ikiwa tutachagua waya kwa mzigo wake. Tukichagua kwa bei na kwa uzuri wa rangi, yatatuletea misiba.

Kwa hayo natoa maoni matatu. Kwanza, walimu wetu wa Fizikia watupeleke duka la vifaa vya umeme siku moja tu katika muhula, tusome maandishi ya ubavuni mwa nyaya na kuyafanyia hesabu. Safari hiyo ni ya miguu, haina gharama. Pili, wazazi wasimtume mtoto kununua waya bila karatasi ya fundi, na mtoto akirudi na chenji nyingi wasianze kumsifu, bali waulize alichokinunua. Watazame pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango. Tatu, sisi wa bwenini tuache desturi yetu ya kutundika pasi mbili na hita ya maji katika ekstensheni moja nyembamba siku ya Jumamosi. Sote twaijua desturi hiyo, na sote tumewahi kuigusa ile plagi ikatuunguza vidole, tukacheka. Bweni letu lina vitanda vingi na milango miwili. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

La mwisho si la umeme. Waya wangu uliungua kwa saa nne, lakini uongo wangu ulikaa siku tatu, na ndio uliomfanya mtu mwema alipe deni lisilo lake akiwa katika msiba. Ikiwa mwenzangu yeyote amefanya kosa la namna hii, namsihi aseme mapema, kabla fundi hajaokota kipande.

Shangazi sasa ana waya mnene, mweusi, mgumu kukunjika. Niliununua mimi, kwa karatasi ile ile ya fundi. Chenji iliyorudi ilikuwa ndogo sana, na safari hii hakuna aliyenisifu. Nawatakia wanafunzi wenzangu wa Kidato cha Nne mtihani mwema, na wasomaji wote likizo ya salama.